Karafuu, Muhogo na Ini: Niliyoyaona Wodini

Aliyekulia Pemba haogopi karafuu. Msimu wa uchumaji ukifika, harufu yake hukaa kwenye nguo, kwenye nywele, mpaka kwenye mto wa kulalia. Usiku wakubwa kwa watoto hukaa barazani wakichambua, karafuu upande huu, makonyo, yaani vile vijiti vyake, upande ule, na kukicha majamvi hutandikwa hadi kando ya barabara. Jino likiuma, punje moja huwekwa pale penye maumivu ikang'atwa polepole. Tumbo likijaa gesi, chai ya karafuu. Hakuna bibi aliyewahi kutuonya kwamba karafuu ina madhara, na kwa namna walivyoitumia wao, walikuwa sahihi.

Mimi nilikuja kuwa muuguzi. Nilianzia bara, mkoani Mtwara, kisha nikarudi kisiwani, na kote huko nimesikia maneno yale yale: hii ni ya miti tu, haina kemikali. Nayasikia sokoni, nayasikia harusini, nayasikia kwa wagonjwa wenyewe wakiwa kitandani na macho ya njano. Naipenda mitishamba yetu na sitaki kuiona ikidharauliwa. Lakini mti ni kiwanda cha kemikali. Hauna miguu ya kukimbia wala meno ya kung'ata, kwa hiyo hujilinda na wadudu, mbuzi na ukungu kwa vitu unavyovitengeneza ndani ya majani, maganda na mizizi yake. Vingine vinatutibu kwa sababu hiyo hiyo ya kwamba ni vikali.

Nianze na karafuu, maana ndiyo iliyonifundisha zaidi.

Wawi, karibu na Chake Chake, kuna kiwanda kinachokamua mafuta kutokana na makonyo. Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni kitu kimoja tu, eujenoli, ambayo katika mafuta ya punje zenyewe hufikia asilimia 70 hadi 90. Hiyo eujenoli ndiyo inayoutuliza mshipa wa fahamu wa jino, ndiyo inayonukia. Punje moja ina chembe yake ndogo sana. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kina kiasi ambacho ungehitaji mamia ya punje kukipata, na hakuna binadamu anayeweza kutafuna mamia ya punje za karafuu kwa mkao mmoja, ulimi ungemkatalia. Mafuta kwenye chupa hayana kizuizi hicho. Mtoto mdogo humeza kabla ukali haujamfika akilini.

Mtoto aliyenifundisha haya aliletwa mchana, amelala begani mwa babu yake, hata miaka miwili hajatimiza. Harufu ya karafuu iliingia wodini kabla yao. Mama mtu alikuja nyuma, kanga imemvuka kichwani, mkononi kashika chupa. Nitamshukuru mama yule siku zote kwa kuikumbuka ile chupa katikati ya kiwewe, kwa sababu alituokolea muda ambao tungeupoteza kwa kubahatisha. Ilikuwa chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, imeoshwa ikajazwa mafuta ya karafuu ambayo mzee hujichulia magoti. Tukipima kilichobaki na kile alichokumbuka mzee, mtoto alikuwa amemeza kama vijiko viwili vya chai. Katika visa vilivyoandikwa na madaktari wa Uingereza na kwingineko, kiasi kama hicho kimewapeleka watoto wa umri ule kwenye koma.

Jirani alitaka kumtapisha kwa kidole, bibi akamzuia. Nilimwambia bibi yule mbele ya wote kwamba amefanya jambo kubwa. Mafuta ya aina hii yakirudishwa juu huweza kuteleza yakaingia mapafuni, na hapo unakuwa na maradhi mawili badala ya moja.

Kipimo cha kwanza kilikuwa sukari, tone la damu la kidoleni. Ilikuwa chini mno. Watu hushangaa sukari inahusiana vipi na karafuu, lakini ini ndilo ghala la sukari ya mwili, na ini likishtuliwa, ghala hufungwa. Tulimtundikia dripu ya gulukosi. Alipata degedege fupi, likapita. Kuelekea magharibi akafumbua macho, akamtafuta mama yake, akataka maziwa.

Hapo ndipo palikuwa pa hatari, kwa sababu familia ilianza kukunja vitu vyao. Mtoto kaamka, kanyonya, kacheka, kwa nini alale hospitali? Daktari wa zamu alikaa chini pamoja na babu, akamweleza bila haraka kwamba usingizi ule ulikuwa wa ubongo kulewa eujenoli, na ulevi umeisha. Ini bado halijasema neno lake. Ini huchelewa kusema. Mzee alisikiliza, akauliza maswali mawili ya maana, akasema, "Basi tunalala."

Siku ya pili vipimo vya damu vikasema. Vile vimeng'enya ambavyo hukaa ndani ya chembe za ini, na humwagika kwenye damu chembe zinapokufa, vilikuwa vimepanda mara nyingi juu ya kawaida. Pale tulipotoa sindano, damu ilikuwa ikivuja taratibu badala ya kuganda, maana vitu vinavyogandisha damu vingi hutengenezwa na ini. Mtoto mwenyewe alikuwa anacheza na kifuniko cha dripu.

Daktari aliagiza asetilisisteini. Wengine wanaijua kama dawa ya kulainisha makohozi, vile vidonge vinavyoyeyuka kwenye maji kwa povu, lakini ndiyo hiyo hiyo inayookoa ini la mtu aliyekunywa parasetamoli kupita kiasi, na imetumiwa pia kwa watoto waliokunywa mafuta ya karafuu. Stoo yetu haikuwa nayo. Zilipigwa simu Unguja, ikapatikana, ikaletwa na boti. Tulimpa kwa mpira wa puani kwa sababu inanuka kama yai bovu na hakuna mtoto anayeimeza kwa hiari. Vipimo viliendelea kupanda kidogo, vikasimama, vikaanza kushuka. Alirudi nyumbani mzima. Ini lina neema hiyo, hujijenga upya likipewa nafasi.

Ile harufu ya yai bovu ni ya salfa, na tangu siku ile salfa imekuwa ndiyo njia yangu ya kuwaeleza watu ini hufanya kazi gani.

Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Kila dakika hupitiwa na damu inayokaribia lita moja na nusu, na sehemu kubwa ya damu hiyo hutoka moja kwa moja kwenye utumbo. Maana yake ni kwamba karibu kila unachokula au kunywa, mchuzi, dawa ya hospitali, mzizi uliochemshwa, hupita kwa ini kwanza kabla ya kufika moyoni. Vitu vingi vya mimea havipendi maji, ni vya asili ya mafuta, na mwili hauwezi kuvitoa kwa mkojo vikiwa hivyo. Ini huvigeuza. Kwanza vimeng'enya vyake hukitia kitu kile jeraha, mara nyingi kwa kukiongezea oksijeni. Kisha hukifunga na kitu kingine kinachoyeyuka kwenye maji: aina ya sukari, au salfeti, au glutathioni, ambayo mwili huiunda kwa kutumia salfa itokayo kwenye protini. Kikishafungwa, hutoka kwa mkojo au kwa nyongo.

Tatizo liko katikati ya hatua hizo mbili. Kitu kilichotiwa jeraha lakini hakijafungwa huweza kuwa kikali kuliko kilivyoingia. Punje ya karafuu ikija, ini huifunga papo hapo, hakuna kinachobaki kikizurura. Vijiko viwili vikija, njia za kawaida hujaa, glutathioni huisha, na kile kikali kilichobaki huru hushika chembe za ini lenyewe. Parasetamoli iliyozidi huua ini kwa njia hiyo hiyo. Asetilisisteini huleta salfa ya kutengenezea glutathioni mpya. Mwili haujali kama kitu kimetoka Pemba au kiwandani Ulaya. Unahesabu ni kiasi gani kimeingia na umebakiwa na nini cha kukifungia.

Ndiyo sababu nasikitika ninapoona bango la "dawa ya kusafisha ini". Ini si mtungi wenye masizi ndani yake. Sumu hailali humo ikisubiri kufagiwa. Ini lenyewe ndilo linalofagia, usiku na mchana, na kila unga mpya unaomeza eti wa kulisafisha ni kazi mpya unayolipelekea. Mtu mwenye ini zima atapewa kazi asiyoihitaji. Mtu ambaye ini lake tayari linaumwa, na kwetu wako wengi wenye homa ya ini aina ya B bila kujijua, anaweza kusukumwa shimoni.

Tena kuna mimea ambayo sumu yake haipo mpaka ini liitengeneze. Hili lilinichukua muda kulikubali nilipofundishwa. Kuna kundi la alkaloidi ziitwazo pirolizidini, zimo katika mimea mingi, ikiwemo baadhi ya spishi za marejea. Ndani ya mmea hazina makali makubwa. Zikifika kwenye ini, vimeng'enya vile vile vya hatua ya kwanza huzigeuza kuwa kitu kinachounguza kuta za mishipa midogo ya damu ya ini. Mishipa huziba, ini huvimba, tumbo hujaa maji. Wilaya ya Gulran nchini Afghanistan, katikati ya miaka ya 1970, baada ya ukame wa miaka miwili, mbegu za gugu lenye alkaloidi hizo zilichanganyika na ngano ya mkate. Madaktari walipowapima maelfu ya watu wa huko, zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na dalili za ini kuharibika. Hakuna aliyejua anakula sumu. Walikuwa wanakula mkate. Jamaika nako, miaka ya 1950, madaktari waligundua kwamba watoto waliokuwa wakijaa maji tumboni walikuwa wakinyweshwa chai za majani ya porini zenye sumu za kundi hilo hilo, tena zikitolewa kama dawa.

Sasa muhogo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijaona sayansi nzuri kuliko ile niliyoikuta kwenye nyua za akina mama wa Mtwara.

Kwetu Pemba muhogo unaoliwa sana ni mtamu, unachimbwa, unamenywa, unapikwa kwa nazi. Kule kusini nilikuta muhogo mchungu ukilimwa kwa makusudi, kwa kuwa nguruwe na panya hawaugusi. Ndani yake mna linamarini, na linamarini ikivunjwa hutoa sianidi. Mmea wenyewe una kimeng'enya cha kuivunja, ila viwili hivyo vimetengwa vyumba tofauti ndani ya chembe za muhogo. Ukiukwaruza, ukiuponda au ukiuloweka ukalainika, kuta za vyumba hupasuka, vinakutana, sianidi inazaliwa, na kwa kuwa ni gesi nyepesi inaondoka na hewa au na maji. Akina mama wale walikuwa wakiloweka siku tatu, mpaka muhogo unavunjika kwa vidole, kisha wanaanika juani. Hakuna aliyewafundisha neno sianidi. Walijua kwamba siku moja haitoshi, na walijua nani katika kijiji aliwahi kufanya haraka na yakamkuta yapi.

Haraka huja na njaa. Mwaka 1985, wakati wa ukame wilayani Tarime, mkoa wa Mara, watu waliokuwa wamebakiwa na muhogo mchungu peke yake walipatwa na konzo: miguu inakakamaa ghafla, na hairudi tena. Maradhi hayo yamewapata wengi zaidi kule Kongo na Msumbiji. Konzo si maradhi ya ini, lakini ini limo ndani ya kisa chake. Sianidi kidogo inayobaki kwenye ugali, ini huigeuza kuwa thayosianeti, kitu chenye makali madogo sana, kinachotoka kwa mkojo. Kwa kazi hiyo linahitaji salfa, na salfa inatoka kwenye protini: samaki, maharage, kunde, nyama, mayai. Familia inayokula ugali wa muhogo ulioharakishwa na mboga ya majani tu, wiki baada ya wiki, inalitaka ini lifunge sumu bila kamba. Ndiyo salfa ile ile iliyomnukia yule mtoto puani. Mtu akiniuliza alisaidieje ini lake, jibu langu la kwanza ni chakula chenye protini, na wengi huvunjika moyo kidogo kwa sababu walitarajia jina la mti.

Kiwango cha kimataifa kinataka unga wa muhogo usizidi miligramu 10 za sianidi kwa kilo. Mtafiti wa Australia, Howard Bradbury, alibuni njia rahisi kwa unga ambao tayari umesagwa: unachanganya na maji, unautandaza tabaka jembamba juu ya mkeka, unauacha saa tano kivulini au saa mbili juani, kisha unasonga ugali siku hiyo hiyo. Haihitaji chombo chochote ambacho nyumba haina. Natamani ingetangazwa kwa nguvu ile ile inayotumika kutangaza unga wa kupunguza tumbo.

Viungo vyetu vingine nitavipitia kwa ufupi, kwa kuwa kanuni ni moja. Mdalasini uko wa namna mbili sokoni. Ule unaolimwa Zanzibar, ganda jembamba linalojikunja tabaka kwa tabaka, una kidogo sana ya kemikali iitwayo kumarini. Ule mwingine, kasia, ganda nene gumu lenye mkunjo mmoja, unayo nyingi, na kwa watu wachache wenye maini mepesi kudhurika kumarini huleta homa ya ini. Wataalamu wa Ujerumani walikadiria kwamba mtu wa kilo 60 akila gramu mbili za kasia kila siku amefika kwenye ukomo. Chai ya mdalasini haifiki huko. Kijiko cha unga kila asubuhi "kwa ajili ya sukari" kinafika na kupita. Manjano kwenye mchuzi wa samaki hayajawahi kuniletea mgonjwa. Vidonge vya manjano yaliyokolezwa, vikatiwa dondoo la pilipili manga linaloweza kuongeza ufyonzwaji wake mwilini mara 20, hivyo vimeandikwa kwenye ripoti za homa ya ini nchini Italia na Marekani. Na mwarobaini: majani machungu ni jambo moja, mafuta ya mbegu ni jambo jingine kabisa. Malaysia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, madaktari waliripoti watoto wachanga waliopewa mafuta hayo kwa kijiko kama dawa ya kikohozi na mafua, wakapata degedege, ini likajaa mafuta, wengine wakafa. Nawasihi akina mama kwa moyo wangu wote, mtoto mchanga asinyweshwe mafuta ya mwarobaini wala ya karafuu, hata tone.

Kijijini kwa mama yangu yupo bibi anayetoa dawa za miti, na watu hunishangaa kwamba mimi nesi nakaa naye. Nakaa naye kwa kuwa ana kanuni. Kila nikienda namwamkia, ananitaka nikae karibu, kisha tunaulizana kuhusu wagonjwa kama watu wa kazi moja.

"Bibi, hii unampa kwa muda gani?"

"Siku tatu, mwanangu. Haikumponya kwa siku tatu, si maradhi yake. Namrudisha kwenu."

"Na mja mzito?"

"Hii? La. Hata asishike jani lake."

Humtazama mgonjwa weupe wa jicho nje, kwenye mwanga wa jua, kwa sababu umanjano mdogo haujionyeshi chini ya taa. Akiuona, hatoi dawa yoyote ya kunywa. Niliwahi kumweleza kwamba homa ya ini aina ya A kwa kawaida hujiondokea yenyewe baada ya wiki kadhaa, ndiyo maana waganga wengi wana sifa ya kuponya umanjano, na kwamba aina ya B ina chanjo. Alikaa kimya akifikiri, akasema kuna watu wawili aliokuwa akijisifia moyoni kuwaponya na sasa hana hakika. Nimewahi kukaa na wasomi wengi. Wachache wangesema hivyo. Kinachonitia hofu si bibi huyu. Ni unga usio na jina, ulionunuliwa kituo cha daladala kwa mtu ambaye kesho hayupo, wenye miti mitano ndani yake, usio na siku tatu wala kipimo wala wa kumuuliza.

Unga wa namna hiyo ndio uliomleta kijana mmoja mvuvi. Alikuwa mwezi wa pili wa dawa za kifua kikuu. Rifampisini hugeuza mkojo ukawa rangi ya chungwa, na hilo halina ubaya wowote. Hata machozi na jasho huweza kubadilika. Alielezwa siku ya kwanza, lakini siku ya kwanza mtu husikia jambo moja tu, kwamba ana kifua kikuu, mengine yote yanapita juu ya kichwa. Alipouona mkojo wake, mwenzake wa dau akamwambia ini limeungua kwa dawa za hospitali, atafute cha kulisafisha. Akanunua kopo. Akawa anachemsha asubuhi na usiku, na dawa za kifua kikuu anaendelea kumeza.

Alipofika kwetu hamu ya chakula ilikuwa imemwisha, anatapika, ngozi inamwasha, na mkojo haukuwa tena wa chungwa bali wa chai ya rangi. Tofauti hiyo kila mgonjwa wa kifua kikuu angepaswa kuijua kama anavyolijua jina lake: chungwa ni dawa inapita, chai ya rangi pamoja na macho ya njano ni ini linaomba msaada. Daktari alisimamisha dawa zote. Kwa siku mbili hatukujua habari za kopo. Tulipomuuliza kama ametumia dawa za kienyeji alisema hapana, kwa kuogopa kugombezwa. Mama yake ndiye aliyelitoa mkobani, akaliweka juu ya kabati la kitanda bila kusema kitu.

Tangu hapo siulizi tena kama mtu ametumia. Nauliza, "Nyumbani mnatumia dawa gani za miti, na hii ya sasa mnaichemsha vipi?" Nauliza kwa sauti ya mtu aliyekulia kwenye nyumba ya namna hiyo, maana ndivyo nilivyokulia, na watu hunijibu. Wengine hurudi kesho yake na kopo au jani lenyewe.

Hatukuweza kusema ni kipi kilichomuumiza. Isoniazidi, pirazinamidi na rifampisini, kila moja huweza kuumiza ini kwa watu wachache. Unga ule nao huweza, na vyote vilikuwa vinapita kwenye ini lile lile kwa wakati mmoja. Kilichowezekana ni kuliondoa kopo, kusubiri vipimo vishuke, na kurudisha dawa moja moja huku damu ikipimwa katikati, kazi ya wiki nyingi ambayo kijana wa bahari haimkai vizuri. Mama yake alimpikia mchuzi wa samaki na kunde kila siku aliyoweza kula. Rifampisini ilirudishwa kwanza. Mkojo ulipogeuka chungwa tena, alikuja mwenyewe hadi dirishani petu kutuambia umeanza, na kwamba macho yake ameshayatazama nje, juani.